Damu yangu ni safi, mbona wanataka kutoa korodani?

SWALI: Shikamoo Daktari. Mimi ni fundi seremala wa Tanga, nina miaka 36. Tangu mwaka jana titi langu la kushoto limevimba, linauma nikilala kifudifudi, na hamu ya tendo la ndoa imeshuka. Mwezi uliopita nikiwa naoga niligusa kitu kigumu kama gololi ndani ya korodani ya kulia. Hakiumi. Baba mdogo akasema ni busha linaanza, nisihangaike. Ultrasaundi imeonyesha uvimbe wa sentimita 1.8. Damu imepimwa AFP, hCG na LDH, vipimo vya kusaka saratani ya korodani, vyote kawaida. Bado daktari anataka kutoa korodani nzima kupitia kinenani. Kama damu ni safi, saratani inatoka wapi? Na kwa nini wasichome sindano tu wachukue kinyama?

JIBU: Marahaba mwanangu. Nianze na titi. Umelitaja kama jambo la kupita, lakini mimi nilisimama hapo hapo.

Saratani nyingi za korodani, kama 95 katika kila 100, huanzia kwenye seli zinazozaa mbegu. Vipimo vya AFP na hCG vimetegwa kwa ajili ya hizo, na hata baadhi yao hupenya mtego. (hCG ndiyo ile ile inayosakwa na kipimo cha mimba cha duka la dawa. Mwanaume akiona mistari miwili, asicheke, aende hospitali.) Katika zile chache zinazobaki umo uvimbe wa seli za Leydig, yaani seli zinazotengeneza testosteroni, homoni ya kiume. Uvimbe huo unaweza kumwaga homoni ovyo, estrojeni, homoni ya kike, ikazidi, titi likajaa na hamu ikakatika. AFP na hCG haziuoni kabisa. Sijakushika kwa mkono wangu, kwa hiyo siapi kwamba ndio wenyewe. Lakini kabla ya upasuaji omba upimwe testosteroni na estradioli (aina ya estrojeni), na mwonyeshe daktari hilo titi. Nahisi hukumwonyesha.

Baba mdogo simlaumu. Pwani yetu, kwa matende yaliyokuwepo, kila kinachovimba huko chini huitwa busha. Busha ni maji yanayoizunguka korodani. Ukilimulika kwa tochi gizani hung'aa wekundu, na kigololi chako hakitang'aa. Ila tochi nayo hudanganya, maana uvimbe mbaya waweza kujificha ndani ya maji hayo hayo. Ultrasaundi ndiyo inayotenganisha.

Sasa sindano. Korodani haikuumbwa ilipo. Mtoto akiwa tumboni, huanzia juu karibu na figo ndipo ikashuka, na njia yake ya limfu, yaani maji ya mwili yanayoweza kubeba seli za saratani, bado inarudi huko huko juu. Ngozi ya mfuko wake ina njia nyingine, ya kwenye mitoki ya kinena. Ukichoma sindano kupitia mfuko, unaweza kuzifungulia seli mbaya mlango ambao hazikuwa nao. Ndiyo sababu daktari wako anapasua kinenani, na yuko sahihi. Muulize tu kama kuna mpatholojia, daktari anayechunguza vinyama kwa hadubini, wa kukitazama kinyama ukiwa bado kwenye meza ya upasuaji. Kwa uvimbe mdogo kama wako, wenye damu safi, penye mtaalamu huyo wakati mwingine hutolewa uvimbe peke yake. Asipokuwepo, usizunguke miezi kumtafuta.

Nikiwa daktari kijana wilayani, alinijia mzee wa miaka 68, korodani imevimba bila maumivu. Nikampa antibayotiki za siku 14. Akarudi, nikamwongezea nyingine. Mara ya tatu aliketi polepole, akapandisha kanzu, akasema, "Na ya pili imeanza." Ilikuwa limfoma, saratani ya chembe nyeupe za damu, ambayo kwa waliopita miaka 60 ndiyo saratani inayoongoza kwenye korodani. Hiyo kukata pekee hakuitoshi: kuna dawa za kemo, kuna mionzi kwa korodani iliyobaki, na kuna kuulinda ubongo. Wiki zile nilizompotezea hazijanitoka.

Kwa hiyo, mwanangu, jina la uvimbe ndilo linaloamua matibabu, na jina hutoka maabara. Hakikisha korodani inawekwa kwenye formalini (dawa ya kuhifadhia kinyama) ya kutosha na inafika patholojia. Kama ni lazima kulipia, lipia, hata kwa kuuza kitanda kimoja kwa hasara. Ikiwa ni Leydig, kwa watu wazima takriban mmoja tu katika kumi huwa mbaya. Mpatholojia atatazama kama umezidi sentimita 5, kama seli zinagawanyika kwa kasi, kama zimeingia kwenye mishipa ya damu. Ukiwa mbaya, sisplatini, dawa ya kemo iliyookoa wengi wenye zile aina za kawaida tangu miaka ya 1970, huusaidia kidogo sana. Hapo tegemeo ni kisu: kutoa mitoki ya nyuma ya tumbo, kisha picha za CT za kifua na tumbo kwa miaka kadhaa.

Uanaume wako? Korodani moja nzima hutosha kwa ndoa na kwa watoto. Kama bado mnataka mtoto, pima mbegu kabla ya upasuaji, maana estrojeni huenda imeilaza hata ile ya pili. Titi laweza lisirudi lote, kwa kuwa limekaa muda mrefu.

Na huyo baba mdogo, ikiwa utaalamu wake wa busha unatokana na kuwa nalo, nenda naye kliniki siku hiyo hiyo.