Mwache kwanza awe mbuzi

Dada mleta mada, nimesoma uzi wako nikiwa kwenye daladala, nikacheka peke yangu mpaka kondakta akaniangalia vibaya. Unasema mwanao wa miaka minne aliulizwa na shemeji zako akikua atakuwa nani, akajibu "mbuzi", na tangu siku hiyo baba yake anamkaririsha kila jioni aseme "daktari". Unauliza kama mtoto ana tatizo.

Hana. Mimi nafundisha darasa la awali hapa Dodoma, huu ni mwaka wa tisa, na nyumbani nina wawili wangu. Mbuzi ni jibu la kawaida kabisa. Nimewahi kuwa na darasa lenye simba wawili, trekta moja, na binti mmoja aliyesema akikua atakuwa Jumamosi. Nina kauntabuku ninapoandika majibu haya, na sehemu ninayoipenda si jibu la kwanza. Ni lile linalokuja ukimuuliza mtoto: sawa, sasa ukishakuwa hivyo, siku nzima utakuwa unafanya nini?

Nianze na wangu. Tulioishi Dodoma kabla serikali haijahamia tunajua barabara zilivyokuwa. Uamuzi wa makao makuu ulikuwepo tangu 1973, lakini kuhama kwenyewe kulianza kushika kasi 2016, na misafara ya viongozi ikaja na wenyewe. Siku moja 2019 tumesimamishwa kwenye mzunguko, jua la saa saba, bajaji imejaa, na mimi nina kilo mbili za samaki kwenye mfuko. Pikipiki zikapita, magari yakapita, king'ora kinalia. Mwanangu, miaka minne, akasema kwa utulivu kabisa, "Mama, mimi nikikua nitakuwa king'ora."

Nikadhani amekosea. "Dereva wa gari lenye king'ora?"

"Hapana. King'ora."

"Kwa nini?"

"Kila mtu anapisha."

Wiki mbili nzima nyumba yangu ilikuwa na msafara. Anatoka chumbani analia uwiii, anakwenda jikoni, anarudi. Mama mkwe wangu, Mgogo wa watu asiyependa kelele, alikuwa anabana miguu ukutani ili apite. Nikaona nimbane kwa hoja: ukiwa king'ora utaishi wapi? "Juu ya gari." Utakula nini? Hapo akanyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Nitashuka wakati wa kula."

Baadaye nilikutana na maelezo ya Linda Gottfredson, msomi wa Marekani aliyeandika mwaka 1981 jinsi watoto wanavyochuja kazi kichwani. Anasema wa miaka 3 hadi 5 hupima kwa ukubwa na nguvu: nani mkubwa, nani anasikilizwa. Na chuoni tulishafundishwa habari za Jean Piaget, kwamba umri huo hata kitu kisicho na uhai mtoto anaweza kukiona kina nia yake. Ukiyaweka pamoja unapata king'ora. Mtoto aliangalia barabara nzima, akatafuta nani mwenye nguvu kuliko wote, akampata. Kiongozi mwenyewe kwenye gari jeusi hakumwona hata mara moja. Kioo kilikuwa kimefungwa.

Yule mwingine sijui Gottfredson angemweka wapi. Binti wa miaka mitano, mpole, anakaa karibu na dirisha. Zamu yake ilipofika akasimama: "Nikikua nitakuwa mgeni." Darasa likanyamaza, na nadhani ulikuwa wivu. Nikamuuliza mgeni anafanya nini. "Anakaa kwenye kochi. Anapewa soda. Anachinjiwa kuku. Watoto wanaambiwa watoke nje."

Jioni nikamsimulia mama mkwe. Akasema, mwambie mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kesho yake nikaufikisha ujumbe kama ulivyo. Mtoto hata hakufikiri: "Siku ya tatu nahamia kwa mwingine." Niliporudisha jibu hilo nyumbani, bibi aliweka ungo chini. "Huyo," akasema, "atakuwa mbunge."

Ili msidhani nawacheka watoto wa watu, na mimi nina yangu. Nimekulia Kikombo, pale treni ya zamani ya Reli ya Kati inapopita kabla ya kuingia mjini ukitokea Dar. Wenzangu walitaka kuwa dereva wa treni. Mimi nilitaka kuwa mwenye bendera. Nilikuwa nimefanya uchunguzi: treni inasimama, jamaa anainua bendera ya kijani, treni inaondoka. Asipoinua, haiondoki. Kwa hiyo ni dhahiri kinachoisukuma ni bendera, na yule dereva amekaa tu. Nikachukua kanga ya kijani ya mama, nikasimama kwenye njia ya mifugo, nikawapungia ng'ombe wa jirani. Wakaondoka. Kwamba nyuma yao kulikuwa na kijana ana fimbo, hilo sikulipa uzito.

Mwaka 2024 SGR, ile treni mpya ya umeme, ilipoanza safari za Dar na Dodoma nikampeleka mwanangu stesheni kuiona. King'ora wangu wakati huo ana miaka tisa, ananieleza kwamba nyaya zile zina umeme wa volti 25,000. Treni ikaondoka kimya kimya, na mimi nimesimama pale natafuta bendera kwa macho.

Sasa kuhusu kumkaririsha "daktari". Dada, mwambie shemeji yetu kwamba hilo sisi walimu tunalifanya kila mwaka kwenye mahafali, na kila mwaka linatuaibisha. Tunawavika makoti meupe, kofia za rubani, helmeti za injinia, tunawapa maikrofoni, kila mmoja ana sentensi yake. Mwaka mmoja kijana wetu alikuwa na kile kipimo cha plastiki shingoni na sentensi ameishika vizuri. Akapanda jukwaani: "Naitwa fulani, nikiwa mkubwa nitakuwa daktari." Makofi. Ilitakiwa ashuke. Hakushuka. "Mpaka saa tisa. Halafu nauza chipsi."

Ukumbi ulikuwa umejaa watumishi wa umma, na sijawahi kusikia kicheko cha namna ile. Kila mmoja pale anajua mwenzake anafuga kuku wapi na nani ana bajaji mbili barabarani. Baba yake mtoto peke yake ndiye hakucheka, naye ana kibanda cha chipsi. Yule ndiye mtoto pekee siku ile aliyeelewa kazi ni nini, wengine wote walikuwa wanasema sala.

Kitu ambacho mimi kinanishtua si mbuzi. Kinanishtua kile kinachokuja baadaye, kama miaka sita hadi minane, ambapo Gottfredson anasema wanaanza kugawa kazi za kike na za kiume. Nilikuwa na binti aliyetaka kuwa kijiko cha kuchimbia barabara, na alikuwa anakichezea vizuri, mkono wote anauzungusha. Nilikutana naye akiwa darasa la pili nikamuuliza kijiko kinaendeleaje. Akaangalia chini. "Hiyo ya wavulana." Nani kamwambia? Hajui. Hakuna aliyemwambia, ameokota tu.

Ingawa wanaokota na mengine. Mwaka 2023 wanafunzi wangu walikuwa wanacheza Bunge wakati wa mapumziko, ndiyo faida ya kuishi mji huu, wanaliona kwenye runinga na wanapita nje ya geti lake. Mmoja anatangulia na siwa, ile rungu ya heshima inayomtangulia Spika, ambayo hapo ilikuwa ufagio wa chelewa, wengine wanasimama. Ugomvi ukazuka mpaka nikaitwa: kijana mmoja anataka kuwa Spika na wenzake wamemkatalia katakata. Sababu? "Mwalimu, yeye mvulana." Wakati huo walikuwa wanamjua Spika mmoja tu, mwanamke, Dkt. Tulia Ackson. Nikawaeleza kwamba kabla yake wanaume walishawahi kukaa kile kiti. Waliniangalia kwa heshima, lakini hawakuniamini. Kijana akapewa ufagio.

Kwa hiyo turudi kwa mbuzi wako. Hujatuambia kitu kimoja: alisema lini? Kama ni Juni au Julai, mimi nina shaka yangu. Asubuhi za Dodoma miezi hiyo mnazijua, upepo unakata na maji ya bombani yanauma vidole. Mimi nina mwanafunzi aliyetaka kuwa paka, na nilipomuuliza sana ikaonekana sababu ni moja, paka haogeshwi. Leo jioni mweke baba pembeni, kaa na mtoto, muulize mbuzi huyo ataamka saa ngapi, atakula nini, na nani atamwogesha. Halafu utuletee mrejesho hapa.