Ateri ya ubongo isiyojikaza yenyewe usiipimie dawa

Ateri ya ubongo iliyo hai haingoji neva iiamuru. Ukiipandishia shinikizo kwa ndani, misuli laini ya ukuta wake hujikaza, ukilishusha, hulegea. Mwanafiziolojia William Bayliss alieleza tabia hii ya mishipa ya damu mwaka 1902, na ni miongoni mwa sababu kubwa za ubongo kupata damu ya kutosha hata presha ya mwili inapopanda na kushuka. Anayeanza kuchunguza jambo hili tunamshauri aanze na ateri ya kati ya ubongo wa panya wa maabara, itolewe na kufungwa kwenye mirija miwili ya kioo chini ya darubini. Ubongo mmoja unakupa mbili, ya kulia na ya kushoto, kwa hiyo kibali cha wanyama ulichopewa kinafika mbali zaidi.

Njia nyingine zipo. Vipande vyembamba vya ubongo vina uzuri wake, maana neuroni na astrosaiti (seli zinazozisaidia neuroni) bado zimeuzunguka mshipa. Kasoro ni kwamba ndani ya mshipa hakuna shinikizo, hivyo umelegea, na mara nyingi hulazimika kuukaza kwanza kwa dawa kama U46619. Kwa mnyama mzima aliyefunguliwa dirisha kwenye fuvu, tatizo ni dawa ya usingizi: isofluraini yenyewe hutanua mishipa ya ubongo.

Kazi nyingi huharibikia kwenye maji, yaani mchanganyiko wa chumvi unaoiogesha ateri. Kwa lita moja pima sodiamu kloraidi gramu 6.95, potasiamu kloraidi 0.35, sodiamu baikaboneti 2.02, potasiamu dihaidrojeni fosfeti 0.16, magnesiamu salfeti yenye maji saba 0.29, glukosi 1.80 na EDTA (kemikali inayonasa metali) 0.01. Pitisha gesi yenye kabonidioksaidi asilimia 5 kwa dakika 20 hivi, ndipo utie kalsiamu kloraidi ya mola 1, mililita 1.6, polepole huku ukikoroga. Ukiitia kalsiamu kabla ya gesi, pH bado iko juu, nayo hushikana na fosfeti na kabonati, maji yakawa na ukungu mweupe. Yakifikia hapo yamwage. Kuyachuja hakurudishi kalsiamu iliyopotea.

pH ipime ndani ya chombo chenye ateri, usiridhike na ya kwenye chupa. Mipira ya silikoni inayoleta maji kutoka kwenye chupa hupitisha kabonidioksaidi, kwa hiyo maji yaliyotoka kwenye chupa na pH 7.4 yanaweza kufika yakiwa 7.6, na pH ikipanda mishipa ya ubongo husinyaa. Unaweza kudhani umegundua dawa kumbe ni mpira mrefu. Ufupishe, na kile chombo nacho kipitishie gesi.

Ubongo ukishatoka uweke mara moja kwenye maji ya nyuzi 4. Maji haya ya kuchanulia hayapitishiwi gesi, kwa hiyo pH yake ishikiliwe na HEPES badala ya baikaboneti. Shika utando unaoizunguka ateri, kamwe usibane ukuta wenyewe, wala usiivute ili uione vizuri. Ateri iliyovutwa haionyeshi jeraha lolote kwenye darubini. Itakaa wazi tu, saa nzima, bila kujikaza.

Chagua kipande chenye matawi machache. Kivishe kwenye mrija wa kwanza, funga kwa nyuzi mbili zilizochambuliwa kutoka uzi wa nailoni, kisha sukuma damu itoke taratibu kabla ya kufunga upande wa pili. Hakikisha hakuna povu la hewa kwenye mpira: povu moja likipita linakwangua endotelia, yaani tabaka la seli linalotanda ndani ya mshipa. Wanaotaka kuiondoa endotelia makusudi hutumia hilohilo povu.

Pandisha shinikizo kwa hatua, 20, 40, kisha 60 mmHg. Huna pampu? Inua chupa: kila mmHg 1 ni sentimita 1.36 za maji, kwa hiyo 60 ni sentimita 82 juu ya usawa wa ateri. Ateri itarefuka na kupinda. Tenganisha mirija mpaka inyooke, basi. Sasa funga koki inayotoka kwenye chupa utazame kipimo. Shinikizo likishuka, kuna tawi linavuja, na hili ni kosa la hatari kwa sababu ateri inayovuja nayo hupungua upana, ukadhani imejikaza.

Pasha hadi nyuzi 37 usubiri dakika 30 mpaka 60. Kingo za ndani zitaanza kusogeleana, pengine zikichezacheza kidogo, mpaka zitulie. Iliyokuwa mikromita 220 ikilegea na sasa ni 150 imejikaza kwa asilimia 32. Sisi iliyo chini ya asilimia 20 tunaiacha. Jaribu pia potasiamu ya milimola 60, ukipunguza sodiamu kwa kiasi hichohicho. Ateri isiyojeruhiwa itabana kwa nguvu na kurudi ukiisafisha. Dawa iliyoyeyushwa kwenye kiyeyusho cha DMSO isipitishe asilimia 0.1 ya DMSO, na DMSO tupu ijaribiwe peke yake.

Usidharau badiliko dogo la upana. Mtiririko hufuata upana uliopandishwa kwenye kipeo cha nne, kwa hiyo ongezeko la asilimia 20 tu linaongeza damu maradufu na zaidi kidogo, shinikizo likibaki lilelile.

Kabla ya kuifungua ateri, ioshe kwa maji yasiyo na kalsiamu yenye EGTA (inayonasa kalsiamu) milimola 2 na diltiazemu (dawa inayoizuia kalsiamu kuingia kwenye misuli) mikromola 100, subiri mpaka isitanuke tena, kisha pima upana kwenye kila shinikizo ulilotumia. Asilimia zote za siku hiyo zinahesabiwa kutoka hapo; ukiikata ateri kabla ya kipimo hiki, huna cha kugawanyia.