Ukitazama picha ya rabi, anza na rangi

Watu wengi wakifika mbele ya picha ya mzee wa Kiyahudi anayesali husoma kwanza kibandiko cha ukutani, kisha humwonea mzee huruma. Mimi hushauri kinyume chake: kibandiko kisubiri.

Chukua Myahudi Anayesali, picha ya mchoraji Marc Chagall iliyoko Art Institute of Chicago, jumba la sanaa la Marekani. Mimi huanzia kwa mbali, nikikodoa macho hadi uso upotee. Hubaki ugomvi wa nyeusi na nyeupe: shuka la sala lenye mistari, na nyuma yake vipande vyenye pembe kali. Mistari ya shuka na pembe za ukuta zinaitikiana, hata mzee anaonekana kubanwa katikati. Sala yake naiona hapo kabla ya kuiona machoni mwake. Halafu sogea, usimame ubavuni, uone taa inavyoteleza juu ya rangi ya mafuta. Picha ya simu haikupi hilo hata kidogo.

Sasa soma historia. Chagall aliichora mara ya kwanza mwaka 1914 kwao Vitebsk, ambayo leo iko Belarusi. Aliyekaa mbele yake alikuwa ombaomba mzee, akalipwa, akavishwa mavazi ya sala ya baba wa Chagall, aliyekuwa kibarua wa ghala la samaki. Kwa hiyo wengi wanaomwita rabi, yaani kiongozi wa dini ya Kiyahudi, wanaongozwa na nguo: shuka, na kile kisanduku cha tefilini kwenye paji la uso, chenye maandiko matakatifu na kinachofungwa wakati wa sala. Kwangu mimi ndiyo maana shuka limepewa uzito kuliko mwili.

Jambo linalowaponyoka hata wajuzi ni kwamba picha ya Chicago ni ya 1923. Chagall aliporudi Paris alikuta kazi nyingi alizoziacha zimepotea, basi kabla ya kuachana na ile ya 1914 akaichora upya mara mbili. Nakala nyingine iko Venice. Ya kwanza, iliyochorwa juu ya kadibodi, iko Basel. Basi ukiona brashi imepita kwa ukali, usiseme haraka kwamba mchoraji alikuwa akilia saa ile. Huenda alikuwa ametulia, akiufuata ukali wake mwenyewe wa miaka tisa nyuma. Mimi hilo halinipunguzii picha. Linanifanya niulize kila mstari umewekwa pale kwa kazi gani.