Okidi yako haijafa, itazame mizizi kwanza

Pole dada. Umesema umepewa okidi yenye ua kama ndara, uko Sinza, unaimwagilia kila siku na majani yanageuka njano. Jani moja la chini kabisa likinyauka ni uzee tu, ila yakiwa matatu kwa mpigo, mizizi inaoza.

Itoe kwenye chungu taratibu. Mizizi mizima ya Paphiopedilum, yaani okidi hiyo ya ua kama ndara, ni ya kahawia, ina vinyweleo, na ukiibonyeza ni migumu; rangi hiyo isikutishe. Iliyooza inabonyea na ganda linabanduka vidoleni. Ikate kwa mkasi uliopitishwa motoni, kisha pandia kwenye vipande vya magome ya mti na mkaa kidogo. Udongo wa bustani hapana, nakuomba.

Tofauti na okidi nyingine nyingi, hii haina mahali pa kuhifadhi maji, kwa hiyo isikauke kabisa. Chomeka kidole, unyevu ukikaribia kuisha, mwagilia asubuhi. Maji yakituama katikati ya majani, yafyonze kwa kitambaa. Maji ya kisima yenye chumvi huunguza ncha, ndiyo maana mimi hukinga ya mvua wakati wa masika. Dirisha la mashariki linatosha, mbali na kiyoyozi.