Kabla hujafunga sanduku kwenda utawani

Juzi binti mmoja wa Rombo kaniandikia: "Dada, nimemaliza kidato cha sita, nataka usista. Mashirika matatu yamekuja parokiani, nichague lipi?" Mdogo wangu, umenirudisha mbali.

Nimekulia Kilema, kwenye misioni ya mapadri wa Roho Mtakatifu. Kwetu sista akipita njiani, hata wazee wanavua kofia. Nilipenda lile gauni jeupe na shela iliyopigwa pasi, nikaingia shirika la kwanza lililojibu barua yangu. Siku ya kuniaga baba alichinja mbuzi.

Mwezi wa tisa wa unovisi, yaani kipindi cha majaribio kabla ya nadhiri, mlezi akaniita, akasema huu si wito wangu. Dakika kumi hazikufika, na sababu sikuelezwa. Mpaka leo inaniuma. Nilikunja sare nikaiacha kitandani. Stendi ya Moshi nilikalia sanduku langu la bati, magari matatu yakajaa yakaondoka, nikashindwa kupanda.

Sikuwahi kuuliza karama yao, yaani roho na kazi ambayo shirika lilianzishiwa. Wao walikuwa watu wa ukimya na kuabudu. Moyo wangu ulikuwa kwa watoto wa shule.

Miaka ikapita, nikakutana na Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, mwongozo wa zamani wa maisha ya watawa, sura ya 58. Mgeni anayetaka utawa anasomewa Kanuni nzima mara tatu: baada ya miezi miwili, kisha sita, kisha minne. Anaambiwa, ukiweza kuishika ingia, usipoweza nenda zako ukiwa huru. Ukiwa huru! Nililia siku ile.

Kwa hiyo usichague rangi ya gauni. Uliza mwanzilishi ni nani na alitaka nini. Nadhiri za ufukara, useja na utii utazikuta karibu kila mahali, lakini ufukara wa Wafransisko una sura yake. Uliza siku yao inaendaje tangu alfajiri. Omba katiba yao uisome. Usione aibu kuuliza tena.

Nanyi wazazi, Sheria ya Kanisa inadai unovisi usiopungua miezi 12, na ndani yake mnovisi ana uhuru wa kuondoka. Ni muda wa kupimana! Msimfanye binti aliyerudi kuwa aibu ya ukoo. Mpokeeni.

Nilifika nyumbani giza limeingia. Mama alinitua sanduku, akaniuliza kama nimekula.