Ukitaka kufuatilia timu za vijana msimu mzima

Tangu timu yetu ya Mashujaa ipande Ligi Kuu mwaka 2023, Kigoma tumepata raha ya kuwaona wakubwa wakija kucheza kwenye uwanja wa Lake Tanganyika. Siku hizo mji unajulikana: jezi kila kona, bodaboda hazikamatiki, na wenye vibanda vya chipsi wanafunga wakiwa wamechoka. Lakini mpira wa mkoa huu una upande mwingine usio na tiketi wala mtangazaji. Ni U20 za klabu, yaani timu za vijana wa chini ya miaka 20, U17 na U15 za mitaani, vituo vidogo vya Ujiji, Gungu na Mwandiga, na timu za shule. Huko ndiko ninakomalizia jioni zangu nyingi kwa misimu kadhaa sasa, na kwa vile watu wameanza kuniuliza waanzie wapi, nimeona niandike.

Chagua kundi moja la umri na ubaki nalo. Ukiruka leo U15, kesho U20, utaona mechi nyingi na hutamjua mtu. Ukibaki na wale wale, mwezi wa tatu utaanza kuona nani amerefuka, nani amepoteza kasi, nani amehamishwa kutoka winga kwenda beki tatu, yaani beki wa kushoto, na kwa nini. Ratiba za vijana hubadilika ovyo, uwanja unaweza kuhamishwa asubuhi ya mechi, kwa hiyo jenga urafiki na meneja wa timu au mzazi mmoja aliye kwenye kundi la WhatsApp. Na ukiweza, nenda mazoezini. Siku moja ya mazoezi inaonyesha mambo ambayo mechi mbili haziwezi.

Kuhusu matokeo, yaandike kisha yaache. Aprili 2019 Serengeti Boys, timu yetu ya taifa ya U17, walicheza AFCON ya umri huo hapa nyumbani, Dar es Salaam, wakafungwa mechi zote tatu, ya kwanza 5-4 na Nigeria. Nchi nzima ilisikitika, na mimi nilisikitika sana. Ila ndani ya kikosi kile alikuwepo Kelvin John, ambaye baadaye alisajiliwa na Genk ya Ubelgiji. Timu ya vijana inaweza kufungwa kila wiki kwa sababu mwalimu anamlazimisha kipa aanzishe mpira kwa pasi fupi. Nyingine inashinda kila wiki kwa kumpigia mipira mirefu mshambuliaji mmoja aliyewahi kuota ndevu. Mimi mtoto wangu ningempeleka kwenye ile inayofungwa.

Sasa uangalie nini? Mwangalie mchezaji wakati mpira hauko kwake. Msimu uliopita kulikuwa na kijana wa U17, mkata umeme, yaani kiungo mkabaji, mwembamba, ambaye watu wa pembeni hawakuwa wanamtaja kabisa. Nilimgundua kwa shingo yake. Kabla pasi haijamfikia alikuwa ameshatazama nyuma ya bega la kushoto, kisha la kulia, ndipo anapokea kwa mguu wa mbali na adui na kugeukia upande usio na mtu. Alirudia hivyo mechi nzima, hata timu ilipokuwa nyuma kwa mabao matatu na wenzake wanalaumiana. Kelele zote zilikuwa za winga wa kulia, aliyempiga beki tobo, mpira katikati ya miguu, mbele ya jukwaa. Tobo lilikuwa tamu kweli, nililifurahia. Lakini nilipohesabu kwenye daftari, winga yule alipokonywa mpira mara nyingi kuliko alizopiga krosi. Kwa mkata umeme niliandika namba ya jezi, nafasi, dakika na maneno mawili: "anatazama kwanza." Nilipomuuliza mwalimu wake baadaye, akacheka akasema, "Kaka, huyo nimemkuta hivyo hivyo, sikumfundisha mimi."

Daftari ni muhimu kwa sababu huku hakuna mtandao unaokutunzia takwimu za watoto. Andika nani alianza, nani aliingia, dakika ya ngapi, alicheza wapi, uwanja ulikuwaje. Hilo la uwanja watu hulisahau. Mvua zetu zinaanza Oktoba au Novemba na kuendelea hadi Aprili, na kwenye tope kijana mdogo mwenye miguu myepesi anaonekana hajui chochote, huku mwenye kifua akionekana mfalme. Ukishaona kiangazi kimekausha uwanja, wahukumu upya wote wawili.

Tarehe za kuzaliwa nazo zina siri. Kwa kuwa umri huhesabiwa kuanzia Januari, aliyezaliwa Januari na aliyezaliwa Desemba ya mwaka uleule wanaingia kundi moja, na kwa watoto wa miaka 13 miezi hiyo kumi na moja ni misuli na kimo. Sehemu nyingi duniani vikosi vya vijana hujaa waliozaliwa mwanzoni mwa mwaka. Ukimwona wa Novemba au Desemba anashikilia namba, mwekee alama. Hili linakwenda na jambo chungu la kudanganya umri. Mwaka 2005 Serengeti Boys waliondolewa kwenye fainali za Afrika baada ya kufuzu, kwa sababu hiyo. Anayemfutia kijana miaka miwili anamnyima mtoto mwingine nafasi, na siku ya kipimo cha mfupa wa kifundo cha mkono ukweli unatoka.

Pembeni ya uwanja, kaa kimya kuliko unavyokaa kwenye Ligi Kuu. Mtoto wa miaka 14 anasikia kila tusi, na mama yake huwa amekaa hatua chache kutoka ulipo. Usimpangie mwalimu kikosi. Picha za watoto usizitupe mtandaoni bila ruhusa ya wazazi, na usimpachike mtoto jina la nyota wa Ulaya kwa sababu ya mabao mawili.

Ukishazoeleka, wazazi watakuuliza mambo ya karatasi, kwa hiyo yajue. La kwanza ni usajili rasmi. Kwa kanuni za FIFA, mchezaji akiuzwa nje ya nchi akiwa bado na mkataba, asilimia 5 ya ada hugawiwa klabu zilizomlea tangu umri wa miaka 12 hadi 23. Msimu mmoja wa umri wa miaka 12 hadi 15 una thamani ya asilimia 0.25 ya ada hiyo. Akiuzwa kwa dola milioni moja, kituo cha Ujiji kilichokuwa naye misimu miwili kinastahili dola 5,000, fedha ya kununua mipira na nyavu kwa muda mrefu. Lakini bila usajili unaotambulika hakuna cha kudai. La pili, klabu ya nje hairuhusiwi kumsajili mchezaji wa chini ya miaka 18 isipokuwa kwa sababu chache, mojawapo wazazi kuhama kwa mambo yasiyohusu mpira. Mtu akimfuata mzazi na habari ya mkataba wa Ulaya kwa mtoto wa miaka 15, huku akiomba fedha ya pasipoti na tiketi, mwambie mzazi asitoe hata shilingi.

Vipaji havitoki kwenye klabu tu. Mshambuliaji Bernard Kamungo alizaliwa Kasulu, akakulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, na mwaka 2016 familia ikahamishiwa Marekani kama wakimbizi. Hakupita akademi yoyote kubwa. Alionekana kwenye majaribio ya wazi ya North Texas SC, akapanda FC Dallas ya ligi kuu ya Marekani, na Agosti 2023 akafunga bao dhidi ya Inter Miami ya Messi. Kwa hiyo tembea pia kwenye viwanja visivyo na klabu. Mashindano ya shule, UMITASHUMTA na UMISSETA, usiyapuuze hata kidogo. Yalipokuwa yakifanyika Tabora kitaifa, mtu wa Kigoma alihitaji kupanda treni tu.

Kipindi kigumu ni mwisho wa msimu, klabu inapowaacha vijana. Majina yanasomwa, wengine hawasomwi, na hakuna anayewaeleza. Mama mmoja alinifuata na khanga yake mkononi, akasema, "Mwanangu, wewe si ndiye unayeandikaga kwenye daftari? Wangu wamemwacha. Nimpeleke wapi?" Tulikaa chini tukafungua kurasa: mechi alizoanza, nafasi alizocheza, jinsi alivyokuwa bora alipowekwa beki wa kati kuliko pembeni. Nikamnakilia kwenye karatasi, akaipeleka kwa mwalimu wa timu ya ligi ya mkoa. Kijana alipewa wiki mbili za majaribio, akasajiliwa, na sasa anacheza beki wa kati. Mechi zao ni Jumamosi saa kumi jioni, na nafasi za kukaa zipo nyingi.