Kaa huyu sasa aachwe

Wiki hii mmeuliza: je, ni haki kaa-kwato, mnyama wa baharini mwenye ganda lenye umbo la kwato, atolewe damu ili dawa zetu zipimwe kama ni salama? Mimi ni muuguzi katika kitengo cha kusafisha damu ya wagonjwa wa figo hapa Mombasa. Naona ilikuwa haki mpaka mbadala ulipopatikana. Tangu hapo ni mazoea tu.

Wengi hudhani maji yakishachemka yamekuwa salama. Kwa chai, sawa. Kwa kuingia mshipani, la. Bakteria hufa, lakini vipande vya ganda lao hubaki, na humo ndimo ilimo sumu iitwayo endotoksini, ambayo kuchemsha hakuimalizi. Ikimwingia mgonjwa aliyekuwa akipiga soga, huanza kutetemeka hadi kitanda kikalia, homa ikapanda, presha ikashuka.

Zamani, ili kuipima sumu hiyo, dawa ilidungwa sungura, watu wakangoja waone kama atapata homa. Miaka ya 1960, wanasayansi Frederick Bang na Jack Levin walionyesha kuwa damu ya kaa huyu wa pwani ya Marekani huganda ikikutana na sumu hiyo. (Damu hiyo ni ya buluu kwa sababu ya shaba iliyomo. Pweza wetu naye ni hivyo hivyo, na sijaona anayemshangaa.) Dawa huchanganywa na dondoo la damu hiyo kwenye kichupa, ikakaa saa moja katika joto la nyuzi 37, kisha kichupa hupinduliwa. Donge likishikilia lisianguke, dawa hiyo haitoki kiwandani.

Kaa hutolewa kama theluthi ya damu yake, akarudishwa baharini. Wasimamizi wa uvuvi huko hukadiria kwamba asilimia 15 hufa. Tafiti nyingine zimefika 30. Wanaovuliwa kuwa chambo ni hesabu nyingine.

Lakini kule Singapore, wanasayansi Jeak Ling Ding na Bow Ho walishapata njia ya kutengeneza maabarani protini inayoitambua sumu hiyo, bila kumgusa kaa. Inauzwa tangu 2003. Ulaya iliipa nafasi rasmi katika kanuni zake za dawa mwaka 2021, na shirika la viwango vya dawa la Marekani likaidhinisha mwaka 2024. Kwa hiyo hoja ya usalama wa mgonjwa, ambayo ningekuwa wa kwanza kuishika, imekwisha nguvu. Iliyobaki ni uvivu wa viwanda kubadili makaratasi yao.

Wala si shida ya Wamarekani peke yao. Jamaa yake wa Asia, anayekamuliwa pia, aliorodheshwa mwaka 2019 kuwa yumo hatarini kutoweka. Dawa nyingi za sindano tunazotumia Kenya hutoka India na China. Wanaotunga zabuni za dawa wangeongeza kifungu kimoja tu: muuzaji aeleze amepima endotoksini kwa kipimo gani.